Nyasi za Mgeni

Nilikuwa Biharamulo, katika nyumba ya kulala wageni nyuma ya stendi, nikifunga mzigo wangu wa vitenge, redio ya mhudumu ilipotaja jina la Injinia. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Mtangazaji alisema mazishi yatafanyika Muleba, akaomba habari ziwafikie watoto wa marehemu, shemeji zake na wakwe zake popote walipo, kisha kwaya ikapanda na tangazo la mtu mwingine likafuata. Mimi si mtoto wake, wala shemeji, wala mkwe. Nilikaa juu ya mzigo. Kondakta wa basi la Kahama alikuja mlangoni akasema, "Mama, tunaondoka," nikamwambia waondoke. Kwa mtu wa namna yangu, ambaye amehama kila mji alipoanza kuzijua sauti za majogoo wa majirani, kuachwa na basi kwa hiari si jambo la kawaida. Mhudumu aliniuliza kama aliyefariki ni ndugu. Nilisema hapana, niliwahi kufanya kazi naye. Kazi gani, akauliza. Kwa muda wa mwaka mmoja nilikuwa mdomo wa mtu huyo kwa Kisukuma na masikio yake pia. Aliondoka kabla mambo hayajafika mwisho, sikuwahi kupata anwani yake, na sasa yeye ndiye mtu pekee ambaye ningetaka kumsimulia yaliyofuata.

Ilikuwa nusu ya pili ya miaka ya tisini. Simiyu haikuwa mkoa bado. Tulikuwa watu wa Shinyanga, na Bariadi ilikuwa mji wa vumbi wenye mashine za kukoboa na maduka ya mitumba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote. Soko huria lilikuwa limefika hadi kwenye pamba: ushirika ulikuwa umelegea, na kila msimu walikuja wanunuzi wapya na mizani zao, wengine kwa magari mazuri, wengine kwa maneno mazuri tu. Kila kitu kilisemekana kinakuja. Barabara inakuja, watalii wanakuja. Kampuni moja ya utalii kutoka Arusha ilipata ruhusa ya kujenga kituo cha wageni mbele ya Nkoma, pale mashamba yanapoisha na pori la akiba linapoanza, mahali ambapo mgeni angepumzika kivulini, akaelezwa habari za wanyama na ndege na miti ya nchi kame, kabla ya kuingia porini. Walimleta msanifu majengo, Mhaya mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, aitwaye Theobald. Alihitaji mtu wa kupika na kumtafsiria, kwa sababu wazee wengi wa kijiji kile, na hasa akina mama, Kiswahili chao kilikuwa cha salamu na cha dukani. Nikachukuliwa mimi.

Tangu siku ya kwanza watu walimwita Injinia. Mwanzoni alijitahidi kusahihisha. "Mimi si injinia," alikuwa akisema, "mimi ni msanifu. Injinia ni mtu mwingine." Lugata, fundi mkuu, mtu wa Lalago aliyekuwa na meno machache na maneno mengi, alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akajibu, "Sawa kabisa, Injinia." Baada ya hapo hakusahihisha tena.

Tulipangiwa kwa Mayu Minza. Mayu ni mama, na yule alikuwa mama wa kila mtu aliyepita njia ile, mjane mwenye mji mpana, boma lililozungukwa na ua wa minyaa, na zizi la ng'ombe alioachiwa na mumewe. Chumba alichopewa Injinia kilikuwa cha mgeni tangu nyumba ilipojengwa. Kilikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na kidirisha kisichozidi ukubwa wa ungo. Kuta zake nene za udongo zilikuwa zimesiribwa kwa mavi ya ng'ombe na majivu mpaka zikawa laini kama ngozi. Mimi nilikiona chumba cha kawaida, tena cha kizamani, kwa sababu nilikuwa kijana na nilitamani nyumba ya saruji. Siku ya pili, mchana, aliniita. "Holo, njoo uweke mkono hapa." Niliweka kiganja ukutani. "Nje jua linapasua kichwa," alisema, "lakini ukuta huu bado una baridi ya alfajiri. Unausikia?" Niliusikia. Nilikuwa nimezaliwa katika nyumba za namna ile na sikuwa nimewahi kuusikia. Alipima unene wa ukuta kwa shubiri, akapima urefu wa paa kutoka ukutani hadi ncha za nyasi, akauliza kwa nini mlango unatazama upande ule na si huu. Mayu Minza alikaa kwenye kigoda akichambua mchicha pori, akamtazama kama mtu anavyomtazama mkwe anayechunguza chungu kabla ya kula. "Muulize," aliniambia, "anataka kuoa nyumba hii?"

Kituo alichokichora kilikuwa chumba kile kile kilichokua. Matofali ya udongo mbichi, yasiyochomwa, kwa sababu kuyachoma kungemaliza miti ya kilima kizima. Kuta nene. Pande fupi zikitazama mawio na machweo ili jua lipate mahali padogo pa kushika. Baraza pana kuzunguka ukumbi, madirisha madogo kusini, na juu yake matundu ya kutolea joto. Katika madirisha ya upande wa upepo alitaka viwekwe vyungu vya maji, vile vinavyotoa jasho, ili upepo upite juu yake na kuingia ndani ukiwa umelowa. Sakafu ilishuka ngazi kadhaa chini ya ardhi. Na juu ya yote paa la nyasi, nene kama godoro la tajiri.

Watu hawakulipenda jengo lile. Walikuja jioni kulitazama, wakazunguka, wakaondoka bila kusifu, na kwetu kutosifu ni kusema sana. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na kofia yake ya kitambaa na kusema, "Injinia, tuliahidiwa kituo cha kisasa. Bati liko wapi?"

"Bati saa nane mchana ni kikaango, Mwenyekiti."

"Lakini ni kikaango kinachong'aa," alisema Mwenyekiti. "Mtu akiwa mbali anajua hapa pana maendeleo."

Juu ya jukwaa la mafundi, Lugata alikuwa akicheka mpaka tope likamdondoka mkononi. "Mimi nimeielewa biashara hii," alisema. "Mzungu anapanda ndege, analipa dola, anakuja kulala kwa bibi yangu. Na bibi yangu amelala humo bure miaka yote, hakujua ni mtaji!" Injinia alicheka kuliko wote. Usiniulize kwa nini kicheko chake kile kimebaki wazi kichwani mwangu kuliko uso wake.

Jambo lenyewe lilianza na nyasi, na lilianza kwa wema. Masika ya mwaka ule yalikuwa hafifu. Mtama ulisimama magotini ukakauka. Lakini kila mji wenye ng'ombe kwetu huwa na ngitili, kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza, asiingie mnyama, ili nyasi zikue na kusimama mpaka kiangazi kikali. Hiyo ndiyo akiba, ndiyo ghala la ng'ombe. Ngitili ya Mayu Minza ilikuwa maarufu. Mumewe aliitunza kama mtu anavyotunza shamba la mpunga, na yeye aliendelea vile vile, hata mwaka ule nyasi zilikuwa zimesimama, zikipinda kwa uzito wa mbegu zake. Injinia aliomba nyasi za kuezekea. Alichomaanisha ni nyasi zozote ndefu. Lugata na vijana walikuwa wamepanga kwenda kuzikata mbugani, zile ngumu zilizokanyagwa na ng'ombe wa kila mtu. Asubuhi Mayu Minza alisikia wakinoa miundu uani.

"Mnakwenda kumkatia mgeni wangu masalia ya ng'ombe wa watu?" aliuliza.

"Ni za paa tu, mayu," alisema Lugata. "Paa halina meno."

"Mgeni analala kwangu. Anakula kwangu. Nyumba yake ikiezekwa kwa uchafu, watasema ni ya nani?" Akaingia ndani, akatoka na mundu wake mwenyewe, akatangulia. Alikata mganda wa kwanza kwa mkono wake, akaubeba, akauweka miguuni pa Injinia. Injinia aliinama akauinua kwa mikono miwili, akasema neno la shukrani la Kisukuma alilojifunza: "Wabeja." Wanawake waliokuwa pale walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga. Ilikuwa heshima kubwa na wote tuliiona kuwa heshima. Nadhani kila mtu pale alijua nyasi zile ni za nini. Lakini ilikuwa mapema, watu walisema vuli itawahi kwa sababu masika yamekosa, na hakuna mtu wa kwetu ambaye angeweza kusimama mbele ya vigelegele na kumwambia mwenye mji kwamba anakosea kumkirimu mgeni. Injinia, aliyetoka nchi ya migomba na mvua isiyokatika, alidhani nyasi ni nyasi.

Paa lilikuwa zuri. Hilo lazima niliseme, kwa sababu watu wachache waliliona. Lugata aliezeka kwa ngazi, safu juu ya safu, akazipiga kwa ubao mpaka ncha zikawa sawa, na lilipokamilika Injinia alitupeleka ndani sisi sote saa ya jua kali. Ukumbi ulikuwa na giza la kijani na harufu ya shamba. Mwenyekiti alivua kofia. Akakaa chini, kisha akalala kabisa chali, mikono kifuani, na baada ya muda tukamsikia anakoroma. "Hizo ndizo pongezi zangu," alisema Injinia kwa sauti ya chini. Wakati ule gari la kampuni lilikuwa bado linakuja.

Kisha likaacha kuja. Tulisikia kwamba kampuni imepata washirika wapya na washirika wapya wanapenda njia nyingine ya kuingia porini. Tulisikia pia kwamba si kweli. Injinia alipanda lori la pamba hadi Bariadi kupiga simu Arusha, akarudi na jibu moja: subiri. Akasubiri. Alipaka kuta kwa mkono, akatengeneza viti vya udongo barazani, akapanda miche ya mikwaju na kuimwagilia maji ya kunawia. Na kiangazi kikaingia kwa nguvu, na mimi nikakisoma kwenye vyombo. Mwanzoni tulikula ugali wa mtama na mtindi mzito kutoka kwenye kibuyu, Mayu Minza akimimina mpaka ufurike kwa sababu bakuli la mgeni halijazwi nusu. Baadaye mtindi ukawa mwepesi. Baadaye tukala michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, nikivichemsha na karanga, na majani makavu ya kunde. Lakini kikombe cha maziwa cha Injinia hakikukosekana asubuhi hata moja. Mimi niliyekaa jikoni nilijua kwamba ng'ombe wa Mayu Minza walikuwa wameacha kukamuliwa. Alikuwa akitoka alfajiri na kibuyu chini ya khanga, akienda kwa jirani ambaye bado alikuwa na ngitili, na kurudi na maziwa ya kuomba.

Wenye vijana walihamisha ng'ombe wao kwenda mbali, kuelekea ziwani. Mayu Minza hakuwa na kijana wa kuwahamisha. Wengine walipenyeza mifugo yao ndani ya pori la akiba, lakini yeye ndiye mwenyeji wa kituo cha pori lile, angeanzaje? Zamani, wazee walisema, mwaka kama ule ungepata mbegu za pamba kwenye ginari, kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba, ukawapa ng'ombe. Sasa mnunuzi binafsi alipakia pamba nzima, mbegu na yote, kwenda Mwanza. Ng'ombe wake walianza kulala chini na kushindwa kuinuka. Tuliwainua kwa kuwashika mkia na pembe, mimi na yeye na mafundi, wakasimama wakitetemeka, na asubuhi iliyofuata tukawainua tena. Wa kwanza kufa alikuwa jike mweusi ambaye mume wa Mayu Minza alimwita kwa jina la mama yake. Mayu Minza hakulia. Alimchuna, akaiwamba ngozi chini kwa vigingi, na Injinia alipomwuliza ng'ombe amekufa kwa ugonjwa gani, aliniambia, "Mwambie ni uzee."

Nilimwambia ni uzee. Jikoni nilimgeukia Mayu Minza. "Mayu, anaweza kusaidia. Nyasi ziko pale juu. Niruhusu nimweleze."

"Nilimpa kwa mkono wangu, ng'wana wane," alisema, yaani mwanangu. "Kitu ulichompa mgeni kwa mkono wako, huulizii habari zake wakati bado analala kwako. Ukiuliza, umemfukuza."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wanakufa kila kiangazi. Mtu aliyefukuza mgeni kwa ajili ya nyasi, huyo anasimuliwa hata wajukuu wake wakifa." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. "Wewe ni mdomo. Usiwe na maneno yako."

Kwa hiyo niliishi kati ya watu wawili wema, nikiwapenda wote, nikipeleka maneno yao huku na huku kama mtu anayehamisha maji kutoka chungu kilichotoboka kwenda kingine kilichotoboka. Asubuhi Injinia alinituma nimwulize kama kuna shida yoyote. Nilimwuliza. "Mhola duhu," alijibu Mayu Minza, amani tupu. Nami nikamtafsiria Injinia: hakuna shida. Leo nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao Mayu Minza, nimekaa na watu wa makabila mengi, na bado sijapata njia ambayo ningeweza kupita.

Lugata ndiye aliyeitoa siri, bila kukusudia. Tulikuwa barazani mchana tukila michembe. Ng'ombe mmoja, dume jekundu lililobaki mifupa na macho, lilijikokota kutoka mjini kwa Mayu Minza likaja kusimama chini ya ncha za paa. Likanyoosha shingo. Halikufika. Likatoa ulimi, likaramba hewa, likabaki hivyo. Lugata, ambaye hakuweza kuona jambo bila kulifanyia mzaha, alisema, "Lione, limekuja kudai chakula chake. Injinia, shuka umpe, wewe umejiezekea sahani yake!"

Injinia aliweka chini bakuli. Alilitazama dume, akatazama paa, kisha akatazama upande wa ngitili, ardhi tupu iliyokatwa mpaka kwenye mizizi. Akanitazama mimi. "Holo. Zile zilikuwa nyasi za nini?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshasimama.

Tulimkuta Mayu Minza akipepeta pumba zilizokwisha kupepetwa. Injinia alichuchumaa mbele yake, jambo ambalo si desturi mwanaume mgeni kulifanya, akaanza kusema haraka. "Mwambie nyasi ni zake. Mwambie azishushe leo, sasa hivi, Lugata anapanda."

Nilimwambia. Mayu Minza alitikisa kichwa huku akitabasamu. "Mwambie wabeja. Lakini nyasi hizo ni zake, na zimempendeza."

"Mwambie sizitaki."

Kwa Kisukuma, mbele ya mwanamke yule, neno lile lingekuwa kama kumtemea mate. "Injinia," nilisema, "hilo haliwezekani kusemwa."

"Basi sema unavyoweza!"

Nikasema kwamba mgeni ana uchungu kwa ajili ya ng'ombe na anaomba apewe ruhusa ya kuwalisha. Mayu Minza aliweka ungo chini. Akafikiri. Alipozungumza alizungumza polepole, akimtazama yeye na si mimi, kana kwamba angeelewa kwa kumtazama. "Mwambie, mgeni akiwa ndani, alichopewa ni chake. Hawezi kukirudisha, nami siwezi kukipokea. Mgeni akisafiri, alichokiacha nyuma ni cha mwenye mji. Ndivyo ilivyo. Lakini mimi simwambii asafiri. Mwambie hilo pia. Simwambii asafiri."

Nilitafsiri yote, pamoja na lile la mwisho. Injinia alibaki amechuchumaa. Kituo kilikuwa hakijafunguliwa. Ilikuwa nyumba yake ya kwanza kujengwa kama alivyotaka mwenyewe. Aliniambia siku nyingi kabla, akikoroga rangi ya udongo, kwamba mjini amechora maduka ya vioo mpaka amejichukia. Alijua kwamba mtu aliyeondoka bila kungoja ufunguzi hataitwa tena. Alijua pia ukuta wa tofali bichi ni nini bila paa. Aliinuka, akasema asante, akaenda kwenye chumba chake, na nilipochungulia nilimwona akikunja shuka.

Aliondoka asubuhi kwa lori la pamba lililokuwa linakwenda kupakia kwenye treni Malampaka. Kabla ya hapo alizunguka kituo na Lugata, akamwelekeza aweke tope zito la mavi na majivu juu ya vichwa vya kuta, litazuia maji kidogo, na nyasi mpya zikiota mvua zikianza, waezeke upya. "Vuli haitawahi," alisema. "Mtapata muda." Alisema hivyo mara nyingi. Mayu Minza alimsindikiza mpaka mwisho wa minyaa, akampa michembe ya njiani kwenye kitambaa. Waliagana kwa mikono miwili bila kunihitaji. Aliponifikia mimi alifungua mdomo, na nilidhani ataniambia neno la kukaa nalo, lakini aliuliza tu kama nimechukua ujira wangu wote, kisha akapanda juu ya magunia. Vumbi la lori lilikuwa bado limesimama barabarani Lugata alipoanza kukata kamba za paa.

Tulizishusha siku ile ile. Nyasi zilikuwa zimegeuka kijivu kwa juu, lakini ndani, chini ya safu ya kwanza, bado zilikuwa za dhahabu. Mayu Minza alizikata kwa panga, akanyunyiza maji ya chumvi na magadi, akamlisha kila ng'ombe mdomoni kwa mkono. Wengine walikula. Wengine walikuwa wamevuka mahali pa kula. Walishika nyasi mdomoni wakafa nazo. Dume jekundu lilikula kwa pupa, likapona. Tulibaki na ng'ombe wa kutosha kuitwa zizi, si zaidi. Ngozi ziliongezeka uani, zimewambwa moja baada ya nyingine, na mnunuzi wa ngozi hakupita.

Na vuli ikawahi. Watu wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa mvua za mwaka ule. Ziliosha madaraja na reli nchi nzima. Kwetu zilianza mchana, jua likiwa kali, wingu likatokea upande wa ziwa kama moshi wa shamba linalochomwa, na kabla hatujaanua vyombo ilikuwa imefika. Kijiji kizima kilitoka nje. Wanawake walipiga vigelegele, watoto walivua nguo, Mwenyekiti alisimama njiani amekinga kofia yake ijae maji. Mayu Minza alisimama katikati ya zizi na ng'ombe wake, ameinua uso, mdomo wazi. Nilimwona akicheka, na nikacheka pia, mpaka Lugata alipopita akikimbia na turubai la mnunuzi wa pamba, akapiga kelele, "Kuta! Holo, kuta!"

Turubai lilikuwa bovu, lilichanika kwenye pembe ya kwanza. Tope alilokuwa ameweka juu ya vichwa vya kuta lilikuwa halijafika nusu. Maji yalikuwa yanaingia kwenye matofali kwa juu, na unaweza kuona ukuta unavyobadilika rangi, kutoka kijivu kwenda nyeusi, kushuka chini taratibu, kama chai inavyopanda kwenye mkate uliochovywa. Tuliweka viroba, tukaweka mikeka, tukaweka milango. Matofali ya juu yalianza kulainika vidoleni mwetu. Hapo ndipo nilipomwona Mayu Minza akija kwenye mvua amebeba ngozi kichwani, zile ngozi za ng'ombe wake, zimekakamaa kama mbao. Aliwaita wanawake wengine, nao waliacha kushangilia wakaja. Alimpa Lugata moja, akamwonyesha: hapa. Wakazilaza juu ya ukuta, manyoya juu, zikipishana kama mabati, nyekundu, nyeupe, na ile nyeusi ya yule jike. Zilifunika ukuta wa upande wa mawio na sehemu ya baraza. Kisha zikaisha. Ukuta wa kusini, wenye madirisha ya vyungu, uliinama kwa ndani bila kelele, ukakaa chini.

Nilisimama mvua ikinipiga machoni, nisijue niombe iendelee au ikome. Nyuma yetu ng'ombe walikuwa wanalia kwa furaha ya maji. Mayu Minza alifuta uso kwa kiganja, akautazama ukuta uliobaki bila ngozi, akatazama mikono yake mitupu, kisha akanigeukia kama alivyonigeukia mara zote mwaka ule, kidevu kimeinuka kidogo, akisubiri nilipeleke neno lake.

"Mwambie ngozi zimekwisha," alisema. "Mwambie nimezileta zote."

Nami, kwa mazoea, niligeuka upande ambao Injinia alizoea kusimama, nikafungua mdomo.